Maana ya kijumba cha seti katika reli ya modeli

Kijumba cha seti ni jengo dogo linalouzwa likiwa vipande ndani ya boksi: kuta, mapaa, fremu za milango na madirisha, dohani, karatasi ya maelekezo, na mara nyingi kipande cha plastiki angavu cha kukatia vioo. Mnunuzi anaviunga vipande hivyo, anavipaka rangi, kisha anasimamisha jengo lake kando ya reli ya modeli, yaani treni ndogo inayokimbia juu ya meza pamoja na mandhari yake yote. Linaweza kuwa stesheni, banda la injini, ghala, kiwanda, au safu ya maduka yanayotazama reli. Neno "seti" linakitofautisha kijumba hiki na ndugu zake wawili: kile kinachonunuliwa kikiwa kimekamilika, na kile kinachochongwa tangu mwanzo kutoka kwenye bapa tupu la plastiki, kadi au mbao.

Maana hiyo inaitosha kamusi. Haimtoshi anayetaka kukitengeneza. Kiswahili kinaipunguza nyumba kwa kugusa mwanzo wa neno tu, ikawa kijumba. Kiwanda cha plastiki nacho kinaweza kupunguza urefu, upana na kimo. Lakini kuna vitu vitatu ambavyo kiwanda hakiwezi kuvipunguza na kuvitia kwenye boksi: umbali, mwanga na umri. Hivyo vinaachiwa mtu mwenye brashi, na ndiyo maana mimi huhesabu kuunga kuwa sehemu ndogo ya kazi.

Tuanze na vipimo. Kila seti inaandikwa skeli yake, yaani jengo halisi limegawanywa mara ngapi. Skeli inayotumika zaidi duniani ni HO, ambayo ni 1:87. Jina lake linatokana na kuwa nusu ya skeli kubwa na ya zamani zaidi iitwayo O. Katika HO, mlango wa mita 2 unabaki milimita 23, mtu mzima anakuwa na kimo cha milimita 20 hivi, na reli ya kawaida yenye upana wa milimita 1,435 inakuwa milimita 16.5. Skeli ya N ni 1:160, na reli yake ina upana wa milimita 9. Z, iliyoletwa na kampuni ya Märklin ya Ujerumani mwaka 1972, ni 1:220. Mtu wake ana kimo cha milimita 8 hivi.

Hapa kuna mtego. Waingereza wanatumia zaidi skeli ya OO, 1:76, lakini treni zake hukimbia kwenye reli ileile ya milimita 16.5. Mgeni anaona reli zinalingana, ananunua majengo ya OO na ya HO, anayaweka sambamba, halafu anashangaa kwa nini mlango mmoja una milimita 26 na wa jirani 23. Macho hugundua kosa hilo haraka kuliko rula. Wenye ujanja hulitumia: jengo kubwa huwekwa mbele, dogo nyuma, na meza inaonekana kuwa na kina zaidi ya kile ilicho nacho.

Hata skeli yenyewe haifuatwi kwa uaminifu wote, na hakuna anayeona aibu. Kiwanda chenye urefu wa mita 200 kingehitaji mita 2 na sentimita 30 za meza katika HO. Watengenezaji wa seti hupunguza idadi ya madirisha, hukata ghorofa moja, hufupisha mabawa, lakini huacha milango na matofali katika vipimo vyake. Ukihesabu madirisha utagundua udanganyifu. Ukitazama tu, utaona kiwanda. Njia nyingine ni jengo la sura tupu, lenye kina cha sentimita chache, linalogandishwa kwenye ukuta wa nyuma wa mandhari kana kwamba sehemu yake iliyobaki iko ng'ambo.

Vifaa havinichukui muda mrefu. Seti nyingi ni za plastiki ya polistirini, kama zile za Faller, kampuni ya ndugu wawili iliyoanza mwaka 1946 huko Gütenbach, Ujerumani, au za Walthers ya Milwaukee, Marekani, iliyoanza mwaka 1932. Kuna za kadi iliyochapishwa rangi tayari, ambazo ni rahisi na zinapendeza kuliko watu wanavyodhani. Kuna za mbao zilizokatwa kwa leza. Kuna za resini, yaani plastiki ya maji iliyomiminwa kwenye kalibu ikagandia humo. Kila moja ina gundi yake: kadi na mbao hutaka gundi nyeupe, resini hutaka gundi kali ya papo hapo.

Plastiki ni habari nyingine, kwa sababu gundi yake si gundi kwa maana tuliyoizoea. Ni kiyeyusho chepesi kama maji. Unashikanisha kingo mbili zikiwa kavu, unagusisha ncha ya brashi kwenye ufa, na kiyeyusho kinavutwa chenyewe ndani, kama mafuta yanavyopanda kwenye utambi. Kinayeyusha kingo zote mbili kidogo, zinachanganyika, kisha kinaruka hewani na kuacha plastiki moja. Ndiyo maana kiungo kizuri kina nguvu, na ndiyo maana kidole kilicholowa kiyeyusho kinaacha alama isiyofutika ukutani. Fungua dirisha unapokitumia. Mvuke wake haufai kuvutwa. Na gundi kali ya papo hapo iweke mbali na vioo, kwani hutoa mvuke unaoacha ukungu mweupe juu ya plastiki angavu. Kwa vioo gundi nyeupe inatosha.

Vipande huja vimeshikana na fremu ya plastiki. Usivivunje kwa mkono. Vikate kwa koleo dogo kali, ukiacha kijisehemu, halafu ukisawazishe kwa tupa au msasa laini. Vioshe kwa maji na sabuni kwa sababu huweza kuwa na mafuta ya kiwandani yanayokataa rangi. Kisha, kabla ya kuunga chochote, amua nini kitapakwa kikiwa bado peke yake. Fremu nyeupe ya dirisha ndani ya ukuta mwekundu ikipakwa baada ya kuungwa itakutoa jasho. Ikipakwa ingali kwenye fremu yake ya plastiki ni kazi ya dakika mbili. Maelekezo ya boksini hupanga hatua za kuunga, mara chache hupanga hatua za kupaka, kwa hiyo wengi huunga nyumba nzima jioni moja na kujuta asubuhi.

Sasa rangi yenyewe. Ukitazama jengo la HO ukiwa umesimama sentimita 60 kutoka hapo, zidisha hizo 60 kwa 87: ni kama unatazama jengo halisi kutoka mita 52. Hesabu hiyo ndogo hujibu maswali mengi kuliko maelekezo ya boksi lolote. Kutoka mita 52 nyekundu si nyekundu ya kopo. Hewa iliyo katikati imeipunguza ukali, imeitia ukijivu kidogo. Nyeusi kabisa haipo, na nyeupe kabisa haipo. Pia jua la mchana linafikia laksi 100,000 (laksi ni kipimo cha mwanga), wakati chumba chenye taa nzuri kina mia chache tu, kwa hiyo rangi ileile ya jengo halisi ikipakwa kwenye kijumba itaonekana nzito na yenye giza. Watu wa fani hii huongeza tone la kijivu au rangi ya mchanga kwenye kila rangi, na badala ya nyeusi hutumia kijivu cha makaa. Mng'ao nao haupungui: doa la mwanga juu ya plastiki inayong'aa linafunika ghorofa nzima. Rangi isiyong'aa, au vanishi isiyong'aa juu ya kila kitu, ndiyo tofauti ya kwanza kati ya modeli na kichezeo.

Matofali ndiyo mtihani. Tofali lenye kimo cha milimita 65 linabaki robo tatu ya milimita, na mstari wa saruji wa milimita 10 unabaki kama sehemu moja ya kumi ya milimita. Plastiki haiwezi kuchongwa nyembamba kiasi hicho kwa urahisi, hivyo mistari ya seti nyingi huwa mipana kupita kiasi. Mwanafunzi anaijaza rangi nyeupe iliyozimuliwa, inasimama wazi kama nyavu, anafurahi. Rudi kwenye zile mita 52: nani ameona saruji kati ya tofali na tofali kutoka huko? Anaona ukuta ambao rangi yake imepoa. Basi mistari ijazwe rangi iliyokaribiana sana na ya matofali, iliyopauka kidogo tu. Paka ukuta mzima rangi ya tofali, uache ukauke sawasawa, pitisha rangi hafifu iliyozimuliwa ikae mashimoni, na ifute juu ya matofali kwa kitambaa chenye unyevu kabla haijakauka. Baada ya hapo chukua brashi ndogo upake tofali moja hapa, mbili kule, kwa rangi mbili au tatu za jamaa moja. Ishirini au thelathini kwa kila ukuta zinatosha. Ukizidisha, ukuta unakuwa nguo ya madoadoa.

Kinachofuata ndicho kinachopendwa zaidi, na pia kinachoharibu vijumba vingi: kuchakaza, yaani kukipa kijumba kipya sura ya umri. Jengo limekaa miaka 40 mvuani na juani. Wewe una saa mbili. Mmarekani John Allen, mpigapicha aliyejenga reli yake ya Gorre & Daphetid huko Monterey, California, ni miongoni mwa waliowafundisha wenzao kuwa uchafu ni sehemu ya sura, wakati wengi walikuwa bado wanapenda modeli inayometameta. Alifariki mwaka 1973, na siku chache baadaye moto uliteketeza sehemu kubwa ya kazi yake, hivyo tunaijua zaidi kwa picha zake mwenyewe.

Njia ni tatu, na zote ni za bei ndogo. Ya kwanza ni maji ya rangi: matone machache ya wino mweusi ndani ya spiriti, au rangi ya kahawia iliyozimuliwa sana, yanayopitishwa ukuta mzima ili yatulie kwenye pembe na mashimo. Ya pili ni brashi kavu: unaichovya kwenye rangi iliyopauka, unaifuta kwenye karatasi hadi isiachie karibu chochote, halafu unaipitisha juu ya kingo zilizoinuka, ambako jua hupiga. Ya tatu ni chaki za wasanii zilizosagwa poda, kwa vumbi, masizi na kutu. Tahadhari moja niliyoinunua kwa ghala langu: spiriti ikipita juu ya vanishi isiyong'aa inaweza kuigeuza nyeupe, na ukuta ukafanana na uliomwagiwa unga. Mbao zilizopauka kwa jua zinaweza kufaidika na ajali hiyo. Matofali hayafaidiki.

Lakini mbinu si kitu bila sababu. Uchafu wa jengo halisi una chanzo na una njia. Maji hushuka, kwa hiyo kutu ya bati inateremka kutoka kwenye misumari, haipandi. Kizingiti cha dirisha humwaga maji pembeni, ndiyo sababu michirizi huanzia kwenye ncha zake mbili. Masizi ya injini ya mvuke hulamba juu ya mlango wa banda, mahali ambapo moshi hutoka, na kuacha sehemu ya chini ikiwa safi kiasi. Matone ya mvua hurusha udongo kwenye mguu wa ukuta. Ukishindwa kueleza doa lilitoka wapi, lifute. Bora zaidi, tazama jengo la kweli lililozeeka kabla ya kufungua kopo. Mara nyingi utakuta limechakaa kidogo kuliko ulivyokusudia.

Si lazima kila kitu kiwe gofu, kwa kweli. Katika makumbusho ya Pendon, kijijini Long Wittenham nchini Uingereza, nyumba za kijiji katika skeli ya 1:76 zimetengenezwa kwa kadi na kupakwa rangi za maji kwa mkono. Mwanzilishi wake, Roye England, aliona nyumba za zamani za mashambani zikibadilika mbele ya macho yake na akataka sura ya nyumba hizo ihifadhiwe. Kuta hizo zina umri, ila ni umri wa nyumba inayotunzwa.

Kama utaweka taa ndani, paka ndani ya kuta rangi nyeusi kabla ya kuunga, kwani plastiki hupitisha mwanga na ukuta mzima utawaka kama taa ya karatasi. Ziba pembe pia, na chini ya paa. Usifanye madirisha yote yawake. Funga machache kwa karatasi nyeusi, machache kwa kipande cha karatasi ya rangi kama pazia.

Inabaki kukisimamisha kijumba mahali pake, hatua ambayo maelekezo hayaitaji. Kikiwekwa tu juu ya meza, mstari mwembamba wa kivuli unatokea chini ya kuta, na kazi yote ya rangi inageuka boksi lililosahauliwa hapo. Jengo halisi halikai juu ya ardhi, limeingia ndani yake. Kata nafasi ya msingi wake kwenye mandhari, au ijengee ardhi kando yake kwa plasta hadi ifike juu ya ukingo wa chini wa ukuta, kisha nyunyiza udongo uliochekechwa na majani ya bandia kwenye kona ambako mguu wa mtu haufiki.