Skolashipu ya gofu Marekani na hilo neno "kamili"

Kila mwaka, vikundi vya WhatsApp vya klabu za gofu, Nairobi hadi Arusha, hujaa picha ya kijana mwenye kofia ya chuo cha Marekani, na chini yake maneno yale yale: "amepata skolashipu kamili ya gofu." Mara nyingi lililo sahihi hapo ni "gofu" tu.

Skolashipu ya gofu ni pesa ambazo chuo humpunguzia mwanafunzi katika gharama zake kwa sababu anaichezea timu ya chuo. Hutolewa na chuo chenyewe, si na NCAA, chama kikubwa kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani, wala na chama cha gofu, na kwa kawaida husainiwa kwa mwaka mmoja mmoja. Maana ni hiyo. Tatizo ni kiasi.

Kwa miaka mingi NCAA iligawa michezo ya Daraja la Kwanza, ngazi yake ya juu, katika mafungu mawili. Kulikuwa na michezo ya kuhesabu vichwa, kama mpira wa kikapu au voliboli ya wanawake: kila aliyepewa skolashipu alihesabiwa kuwa amechukua skolashipu moja nzima, hata akipewa robo, kwa hiyo kocha hakuwa na sababu ya kutoa robo. Gofu ilikuwa fungu la pili, michezo ya kugawana, ambamo kocha aliweza kukata skolashipu vipande na kuwagawia wachezaji wengi. Timu ya wanaume ilikuwa na kikomo cha skolashipu 4.5 na ya wanawake 6. Upungufu wa wanaume ulitokana zaidi na mpira wa Kimarekani, ambao peke yake ulibeba skolashipu 85. Sheria ya usawa wa jinsia ililazimu wanawake wafidiwe katika michezo mingine.

Sasa piga hesabu. Skolashipu 4.5 kwa wachezaji 9 ni nusu kwa kila mmoja, iwapo kocha atagawa sawa. Hagawi sawa. Katika mashindano ya vyuo timu hupeleka wachezaji watano, na kila raundi huhesabiwa matokeo ya wanne bora. Pesa hufuata hao wanne. Anayewania nafasi ya saba anaweza kupewa vitabu tu, au jezi na begi la vijiti, na bado akaitwa "mchezaji wa chuo", kwa haki kabisa.

Tangu msimu wa 2025/26, baada ya suluhu ya kesi ya House, ambayo wanamichezo wa vyuo waliishtaki NCAA kuhusu malipo, iliyoidhinishwa Juni 2025, vyuo vilivyoingia katika mpango huo havina tena kikomo cha skolashipu. Vina kikomo cha wachezaji, 9 kwa timu ya gofu. Kuna waliosoma habari hiyo wakatangaza kwamba sasa kila mmoja analipiwa yote. Ruhusa ya kutoa si bajeti ya kutoa. Kilichobadilika haraka ni kwamba timu zilizokuwa na watu 11 au 12 zilipunguza, na nafasi za mwisho, zile ambazo kijana wa mwaka wa kwanza kutoka nje angeingilia, zikawa finyu.

Kwingineko hesabu ni nyingine. Daraja la Pili la NCAA kikomo ni 3.6 kwa wanaume na 5.4 kwa wanawake. Vyuo vya NAIA, chama kingine cha michezo ya vyuo, ni 5. Vyuo vya miaka miwili, vyenye chama chao cha NJCAA, katika Daraja la Kwanza lao, vinaruhusiwa 8, na hapo ndipo "kamili" inapoanza kuwezekana kwa timu nzima, ingawa ndivyo vyuo ambavyo wazazi wetu huvikunjia uso. Daraja la Tatu la NCAA halitoi skolashipu ya michezo hata senti, wala vyuo vya Ivy League, kundi la vyuo vikuu vinane vyenye jina kubwa. Lakini Harvard, Yale na Princeton hutoa msaada kwa kuangalia kipato cha familia, hata kwa mwanafunzi wa kigeni. Kwa hiyo mtoto wa familia ya kipato kidogo anayecheza gofu huko anaweza kusoma karibu bure, bila kuwa na skolashipu ya gofu. Aliyesoma bure hana. Aliye nayo analipa nusu.

Nusu inayobaki ndiyo hukwamisha safari. Chukua chuo cha dola 45,000 kwa mwaka. Kocha anatoa asilimia 40, yaani 18,000. Alama nzuri za kidato zinaleta punguzo la kitaaluma la 12,000, ambalo huweza kujumlishwa na pesa za gofu. Zinabaki 15,000. Mwanafunzi wa kigeni haruhusiwi kupata misaada ya masomo ya serikali ya Marekani, kwa hiyo hizo 15,000 lazima zionekane kwenye taarifa ya benki ya mzazi au mdhamini kabla chuo hakijatoa fomu I-20, ya kuthibitisha kwamba umepokewa na una pesa za kusomea. Bila I-20 hakuna viza ya F-1, yaani ya mwanafunzi. Kijana anakuwa ameshapigwa picha na kofia, halafu Julai familia inaanza kuchangisha.

Hata ile kamili kwelikweli hukatwa. Ada na vitabu vya lazima havitozwi kodi, lakini sehemu ya skolashipu inayolipia chumba na chakula ni kipato machoni pa mamlaka ya kodi ya Marekani. Mwenye viza ya F-1 hukatwa asilimia 14, na Kenya, Tanzania na Uganda hazina mkataba wa kodi na Marekani wa kumwokoa. Kama malazi na chakula ni dola 14,000, kodi ni 1,960. Hii huwashtua watu muhula wa kwanza, wanapokuta deni kwenye akaunti ya chuo waliyodhani ni sifuri.

Na kwa kuwa tumegusa kinacholeta pesa: si handikapu, ile namba inayoonyesha kiwango cha mchezaji. Tangu 2020 handikapu hukokotolewa kwa raundi 8 bora kati ya 20 za mwisho, yaani huzificha 12 mbovu. Kocha anataka hizo mbovu. Mpelekee matokeo ya mashindano ya mashimo 36 au 54, kila raundi na tarehe yake, urefu wa uwanja kwa yadi, ukadiriaji wa ugumu wa uwanja na tofauti ya mipigo kati yako na mshindi. Ukiwa unacheza Nairobi, mwinuko ni kama mita 1,700 na mpira huruka mbali zaidi. Kocha anajua, atapunguza yadi zako kichwani. Matokeo ya Nyali au Vipingo, karibu na usawa wa bahari na kwenye upepo wa Pwani, yatamtoa shaka. Makocha wa Daraja la Kwanza huanza kuzungumza na mchezaji Juni 15 baada ya mwaka wake wa pili wa sekondari ya miaka minne, kwa hiyo anayesubiri matokeo ya Kidato cha Nne ndipo aandike barua pepe anakuta meza imeshagawanywa.

Ukishapata jibu, usimuulize kocha kama skolashipu ni kamili, maana atasema ni nzuri. Muulize: baada ya pesa zenu zote, za gofu na za masomo, familia yangu italipa kiasi gani mwaka wa kwanza, na nini kitafanya kiasi hicho kibadilike mwaka wa pili? Aandike.

Na wewe unayeandaa tangazo la klabu, andika "amepata nafasi katika timu pamoja na skolashipu ya asilimia 40". Inatosha kumpongeza, na mchango wa Julai hautawashangaza wanachama.