Kuficha jina la Wi-Fi hakumzuii mdukuzi

Kuna ujumbe unaorudi kwenye magrupu kila mara: "Ficha jina la Wi-Fi yako, wadukuzi hawataiona. Watumie na wenzako." Kuficha jina kunawezekana, ndiyo. Hilo la wadukuzi kutoiona si kweli.

Ukificha jina, ruta haiachi kurusha mawimbi. Kwa kawaida huendelea kujitangaza takriban mara 10 kwa sekunde, ila nafasi ya jina huachwa tupu. Simu yako inapojiunga, jina hutajwa hewani waziwazi, na programu za bure za kuchunguza mitandao hulinasa papo hapo. Tena kuna ubaya ambao ujumbe hausemi: simu iliyozoea mtandao uliofichwa huweza kuuita kwa jina popote uendako.

Jaribu mwenyewe. Ficha jina, kisha fungua orodha ya Wi-Fi kwenye kompyuta. Nyingi zitakuonyesha "mtandao uliofichwa" pamoja na nguvu ya mawimbi yake. Naelewa kwa nini watu huamini: jina likitoweka kwenye simu ya jirani, unaona kama umefunga mlango.

Kinachomzuia mdukuzi ni usimbaji fiche (kugeuza mawasiliano yasisomeke na asiye na ufunguo) na nywila nzuri. WEP, mfumo wa usimbaji wa Wi-Fi wa mwaka 1997, ulivunjwa 2001, kwa hiyo uepuke kabisa; kwenye mipangilio ya ruta chagua mfumo mpya zaidi, WPA3, au WPA2 kama WPA3 haipo, na uweke nywila ndefu isiyokisika. Ujumbe ule ukikufikia tena, tafadhali usiusambaze. Kama uliwahi kuutuma, rudi kwenye grupu uwaeleze.