Je, wajua kwa nini gari la kulala linaweza kukupiga shoti ukiwa nje, wakati wa ndani hana habari?

Jamaa yangu mmoja yuko Leicester, Uingereza, alinunua vani ya kubebea mizigo akaigeuza nyumba, kitanda, jiko, friji ndogo, chaja ya betri, yote kafanya mwenyewe wikendi kwa wikendi. Safari ya kwanza wakafika kempu usiku, mvua ndo imekata, akavuta ekstensheni ya nyumbani akaipitisha dirishani, taa zikawaka, wakalala. Asubuhi anatoka peku kwenye nyasi mbichi, anageuka kufunga mlango, kushika tu kitasa anahisi vidole vinatambaliwa na siafu. Akamwita mkewe aliyekuwa ndani ashike bati la mlango ule ule. "Mbona mie sisikii kitu?" Wakarudia mara tatu (msifanye hivi jamani), wa nje anawashwa, wa ndani wala.

Ukimsimulia mtu anakwambia haiwezekani, gari lina matairi ya mpira. Sasa matairi yenyewe ndo yanayoficha balaa.

Iko hivi, umeme lazima urudi ulikotoka, yaani kwenye transfoma, na una njia mbili, waya wa nyutro au udongo, kwa sababu nyutro ya transfoma nayo imefungwa ardhini. Tuseme waya wa laivu, ule unaoleta umeme, umechubuka kwenye ukingo wa bati baada ya kutikiswa kwenye makorongo, ukagusa bodi. Bodi nzima inakuwa laivu lakini haina pa kutokea, matairi yamezuia. Kwa hiyo gari limekaa pale na volti zake 230 kimyaaa, taa zinawaka, friji inapoza, hakuna breka (swichi ya kujikata umeme ukizidi) iliyoruka. Aliye ndani ni kama ndege aliyetua kwenye waya wa nguzo, kila anachogusa kina volti ile ile. Anayekuja kutoka nje, mguu kwenye udongo na mkono kwenye kitasa, huyo ndo anageuka kuwa waya wa kurudia.

Jamaa alikuwa na bahati, yake haikuwa laivu kamili. Chaja nyingi za siku hizi zina vichujio ndani vinavyovujisha umeme kidogo sana kwenda kwenye kava, na kava limefungwa kwa skrubu kwenye bodi ya gari. Kawaida huo umeme unaondoka zake na waya wa ethi, ule wa kupeleka umeme uliovuja ardhini, na hakuna anayejua. Alipofungua plagi ya ekstensheni akakuta waya wa ethi umechomoka, unaning'inia tu, na vitu vyote vilikuwa vinafanya kazi vizuri miaka yote hiyo.

Halafu kuna hili la breka, wengi wanaamini ipo kuwalinda wao. Breka ya ampea 16 inalinda waya usiungue. Mwili uliolowa unaweza kupitisha kama miliampea 230 hivi, inatosha kabisa kuua, na kwa breka ya ampea 16 hiyo ni kama hakuna kitu kilichotokea. Kinachokulinda wewe ni RCD ya miliampea 30. Kazi yake ni kulinganisha umeme unaotoka na laivu na ule unaorudi na nyutro, ikiona kuna uliopotelea njiani inakata, na upotevu ukifika miliampea 150 inatakiwa iwe imekata ndani ya milisekunde 40. Ila bodi isipokuwa na ethi, RCD inakaa inasubiri mpaka mtu aguse ndo ijue kuna tatizo. Bodi ikiwa na ethi, waya ukigusa bati tu umeme unakata hapo hapo, hata kama mmelala.

Ndo maana kazi ikifanywa vizuri inakuwa hivi: nje ya gari unaweka soketi ya bluu ya ampea 16, ile ya mviringo yenye pini tatu na kifuniko. Ukiichungulia utaona pini ziko upande wa gari, na kebo ndo ina matundu, ili kebo ikichomoka ikiwa na umeme pasiwe na pini laivu inayoning'inia kwenye majani. Kutoka hapo waya mfupi mpaka kwenye kiboksi chenye RCD na breka za kukata laivu na nyutro kwa pamoja. Hiyo ya kukata zote mbili sio mbwembwe, ukivuka kwenda Ufaransa au Ujerumani unaweza kukuta kwenye nguzo ya kempu ya kuchomekea umeme laivu na nyutro zimebadilishana, na breka ya kukata upande mmoja itakuzimia nyutro, kitu kinazima huku laivu bado iko ndani yake. Halafu kutoka kwenye kiboksi waya mnene wa kijani na njano unafungwa kwenye chesisi kwa bolti, rangi ikwanguliwe mpaka uone chuma. Waya wa ndani uwe wa nyuzi nyuzi, ule mgumu wa kwenye kuta za nyumba unakatika kwa mtikisiko. Kila unapopita kwenye bati weka raba. Ukimaliza muite fundi mwenye vyeti aje apime, kuwaka kwa taa hakuthibitishi chochote, tumeshaona.

Kebo ya nje unene wake ni milimita za mraba 2.5, kwa Waingereza kawaida ni mita 25, na uikunjue yote hata kama nguzo iko pua na mdomo, ikibaki kwenye mviringo inajipasha moto mpaka plastiki inayeyuka. Unachomeka upande wa gari kwanza, nguzo mwisho, kuondoka kinyume chake. Kempu nyingi za Ulaya zinakupa ampea 6 tu, wati 1,380, kwa hiyo birika la umeme la nyumbani sahau.

Huku kwetu kempu nyingi utaonyeshwa soketi ya kawaida ya pini tatu bapa, utahitaji adapta, na kabla ya kuchomeka pima kama hiyo soketi ina ethi kweli.

Kuna kimoja kilimshangaza hata jamaa, alipotaka kuchomeka gari kwenye umeme wa nyumbani kwake. Uingereza nyumba nyingi ethi yake imeungwa na nyutro ya kampuni ya umeme, na kanuni zao za 2002 zinakataza ethi ya aina hiyo kuungwa kwenye bodi ya karavani. Nyutro ikikatika huko mtaani, umeme unarudi kupitia ethi na gari zima linakuwa laivu, na RCD haitasaidia kwa sababu haikati waya wa ethi. Ndani ya nyumba huna shida sana, vyuma vyote vimeungwa pamoja. Nje umesimama kwenye udongo. Ikabidi fundi ampigie fimbo ya ethi ardhini pembeni ya gereji, ya gari peke yake, na RCD yake.