Tiketi na ubao wa kazi katika programu huria

Tiketi ni rekodi ya jambo moja linalotakiwa kushughulikiwa katika mradi wa programu huria, yaani programu ambayo msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuutumia na kuurekebisha: hitilafu, ombi la kipengele kipya, au kosa kwenye maelezo ya matumizi. Ina namba isiyobadilika, kichwa, maelezo, lebo na jina la aliyeichukua. Ubao wa kazi hupanga tiketi hizohizo katika safu ili ionekane kila moja imefika wapi. Mkulima wa korosho wa Newala hatapata shida hapa, maana tiketi ni kama stakabadhi na ubao ni kama orodha: stakabadhi ya ghala ndiyo inayosema mzigo ni wa nani, kilo ngapi, daraja gani. Orodha iliyobandikwa mlangoni haichukui nafasi yake.

Tuseme vijana wa Mtwara mjini wanatengeneza programu huria ya kurekodi uzito unaopimwa kwenye mizani ya AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima. Tiketi yenye kichwa “App mbovu” haimsaidii mtu. Iandikwe hivi: “Uzito wa 48.5 unahifadhiwa kama 48.” Chini yake ziwekwe toleo la programu, aina ya simu, hatua za kufuata hadi kosa litokee, kilichotarajiwa na kilichotokea. Mchangiaji aliyeko Lindi, asiyemjua aliyeandika, aweze kulitokeza kosa lile kwenye simu yake bila kuuliza. Na makosa mawili ni tiketi mbili. Ukiyachanganya, moja likirekebishwa tiketi haifungiki.

Ubao nao huharibikia kwenye safu. “Inafanyiwa kazi” maana yake nini? Kwa mmoja ni kwamba ameisoma, kwa mwingine ameshaandika nusu ya msimbo. Safu nne zinatosha: mpya, tayari kuchukuliwa, inafanyiwa kazi, inakaguliwa. Juu ya kila moja pawe na sharti la kuingia. Kwa mfano, tiketi haiingii “tayari” mpaka mtu wa pili athibitishe kosa. Wekeni pia kikomo, tuseme tiketi mbili kwa mtu, maana anayeshika sita huwa anawazuilia wenzake tiketi tano.

Kuburuta kadi ya tiketi kwa mkono kutoka safu hadi safu husahaulika. Kwenye GitHub, tovuti ya kuhifadhi msimbo na tiketi za miradi, ukiandika “Fixes #27” katika maelezo ya mabadiliko, tiketi ya 27 hujifunga yenyewe mabadiliko yakiunganishwa kwenye tawi kuu, yaani nakala kuu ya msimbo wa mradi.

Mambo hukorogeka zaidi kosa linapokuwa la jumuiya nyingine. Desimali ile huenda inakatwa na maktaba, yaani msimbo ulioandikwa tayari, mliyoazima kwa mradi mwingine. Hapo msifunge tiketi yenu. Tafuteni kwanza kwao kama imesharipotiwa, zikiwemo tiketi zilizofungwa. Ikiwa haipo, fungueni mpya kwa lugha wanayoitumia, mkiambatisha mfano mfupi usiohitaji programu yenu yote. Kisha wekeni kiungo pande zote mbili, na yenu ipewe lebo “inasubiri nje”. Wakitoa toleo lililorekebishwa, pandisheni toleo la maktaba, mrudie jaribio la 48.5, ndipo mfunge.