PSI si hosipawa, jamani: uongo wa turbo niliochoka kuusikia

Huyu mteja wa juzi alikuwa wa tatu mwezi huu. Dizeli ya silinda sita, tumemtoa turbo ya kiwandani (zile feni zinazozungushwa na moshi wa eksozi ili zibane hewa ya injini) tumemfungia kubwa zaidi, na kabla hata salamu hazijaisha ananisogezea simu yenye picha ya geji. "Fundi, ile ya zamani ilikuwa inapiga PSI 36 za presha, hii yako inaishia 32, umenifungia turbo mbovu." Namuuliza, gari inavutaje? "Inavuta kuliko zamani, lakini si unaona geji..." Yaani mtu mgongo wake umebanwa kwenye kiti na bado anaamini geji.

Sikilizeni. Geji ya busti (presha inayotengenezwa na turbo) haipimi hewa iliyoingia kwenye silinda, inapima presha ya hewa iliyojazana kwenye manifoldi, yaani bomba la kuigawa kwa silinda, inasubiri valvu ifunguke. Kinachochoma dizeli ni kilo za hewa, na kilo zinategemea presha NA joto. Chukua hewa ya nyuzi 25 uibane mara 3 (hiyo ni kama PSI 29 kwenye geji ukiwa usawa wa bahari). Turbo inayofanya kazi kwa ufanisi wa asilimia 75 inakutolea hewa ya nyuzi 170 hivi. Turbo ndogo iliyokamuliwa mpaka ufanisi umeshuka asilimia 60 inakutolea karibu nyuzi 210. Geji inasoma ileile, ila ya pili imechemka na ina hewa kidogo, na intakula (ile rejeta ya kupoza hewa kabla haijaingia kwenye injini) haiwezi kukufutia dhambi zote.

Halafu kuna upande ambao hakuna anayeuangalia, na huu ndio unanitoa povu. Ile turbo ndogo ili ikupe hizo 36 lazima izibe eksozi. Nilimpima huyo jamaa kabla ya kumbadilishia, presha kwenye manifoldi ya eksozi ilikuwa PSI 60. Sitini! Pistoni inapanda kusukuma moshi nje inapigana na 60, inashuka kuvuta hewa inasaidiwa na 36, tofauti yote hiyo analipa nani, si injini? Kwa turbo mpya eksozi inasoma 34 kwa busti ya 32. Piga hesabu kwa injini ya lita 6.7 ikiwa RPM 3,000: umepunguza mzigo wa PSI 22, yaani bar 1.5 hivi, na hiyo ni kama kilowati 25, hosipawa 34 ambazo zilikuwa zinaliwa na kusukuma moshi tu. Na ule moshi ambao haukuwa unatoka wote ulikuwa unabaki unachukua nafasi ya hewa safi. Ndiyo maana geji imeshuka na gari inavuta.

Ushauri wangu, na nitaurudia mpaka nizeeke: kabla hujanunua turbo nunua geji ya pili. Toboa manifoldi ya eksozi, toa kibomba cha chuma ukizungushe mizunguko kadhaa moshi upoe usije ukaunguza geji, basi. Eksozi ikikaribiana na busti uko vizuri. Ikiwa mara mbili ya busti, turbo inakunyonga, na ukikaza westigeti (mlango unaopitisha moshi pembeni ya turbo) upate PSI zaidi unajinyonga mwenyewe.

"Basi nifungie kubwa kuliko zote." Hapana. Anza na hosipawa unayotaka. 600? Dizeli nzuri inakula kama gramu 230 kwa kila kilowati kwa saa, kwa hiyo unachoma kilo 103 za dizeli kwa saa, na ukitaka isitoe moshi uipe hewa kilo 20 kwa kila kilo ya mafuta, hapo unahitaji kilo 34 za hewa kwa dakika. Sasa chukua ramani ya kompresa (mchoro wa uwezo wa ile feni ya turbo inayobana hewa) utafute hiyo namba inaangukia wapi. Ikiwa kushoto kabisa turbo itakohoa, hewa inarudi nyuma kwenye feni na beringi zinakufa. Kulia kabisa imeishiwa pumzi. Mtu ananunua kwa milimita za feni kama ananunua viatu!

Moshi mweusi ni nguvu? Ni dizeli yako uliyolipia inapita juu bila kuungua, na joto la eksozi linapanda. Mimi nikipima moshi kabla haujaingia kwenye turbo sipendi kuona nyuzi 700 kwa muda mrefu, aluminiamu inayeyuka kwenye 660 na pistoni zinaponea oili inayozipoza kwa chini.

Na hili la turbo mbili, ndogo ikilishwa na kubwa: presha hazijumlishwi, zinazidishwa. Kubwa ikibana mara 2 na ndogo ikabana hiyohiyo mara 2.5 umepata mara 5, yaani kama PSI 58 kwenye geji, na kila moja iko kwenye raha yake, hakuna inayokamuliwa. Hiyo ni kompaundi, na si ya mashindano tu, hata gari ya kuvuta mzigo inaifaidi kwa sababu ile ndogo inaamka mapema. Msiite twini turbo, twini ni mbili zinazogawana eksozi ya injini moja nusu kwa nusu, ukiagiza vifaa kwa jina hilo utaletewa manifoldi isiyokuhusu.