Maana ya kutyuni pikipiki, na kwa nini si kutunisha

Kijana mmoja aliniletea pikipiki yake ya CC 150, mojawapo ya zile za Kichina zenye injini ya fito za kusukuma valvu, akaniambia kwa fahari kwamba imetyuniwa. Alipoiwasha nilielewa alichomaanisha. Chujio la hewa lilikuwa limeondolewa, vitu vya ndani ya ekzosi vilikuwa vimekatwa vyote, na skrubu ya sailensi, yaani ya mzunguko wa injini resi isiposhikwa, ilikuwa imekazwa hadi injini ikapiga kelele hata pale ambapo hakuna aliyegusa resi. Ilikuwa na kishindo cha pikipiki ya mashindano, lakini kwenye mlima mdogo ilikuwa inamisi, na ukiachia resi ghafla bomba linapasua kama fataki. Nilijizuia kumsahihisha siku hiyo, lakini kwa kuwa hiyo haikuwa mara ya kwanza, wala ya kumi, kulisikia neno hili likitumika hivyo, naona ni afadhali nieleze maana yake.

Kutyuni injini ni kulinganisha hewa, mafuta na cheche, pamoja na muda wa valvu kufunguka na kufunga, ili injini ileile, kwa ujazo uleule, ifanye kazi kwa kiwango ambacho ilijengwa kukifikia. Maana ni hiyo tu. Kinachohitaji maelezo marefu zaidi ni jinsi neno lenyewe lilivyopotea njiani.

Tumelipata kutoka Kiingereza, katika neno tune, ambalo kwao lilikuwa la muziki kabla halijawa la mitambo. Tune ni ndugu wa tone, yaani sauti au kiwango cha sauti, na tone lilitoka Kilatini, tonus, ambacho nacho kilikopa kwa Wagiriki neno tonos. Kwa Kigiriki tonos ni mkazo wa kitu kilichovutwa, kama uzi wa ala ya muziki, na kutokana na mkazo huo likaja kumaanisha sauti inayotoka uzi ukiguswa. Mpiga udi anapokaa kuweka nyuzi zake sawa kabla ya kuanza kupiga, anafanya jambo hilohilo ambalo neno lilizaliwa nalo: anakaza uzi uliolegea, anasikiliza, kisha analegeza ule uliokazwa mno. Nasisitiza kulegeza kwa sababu ndiyo nusu ya kazi inayosahaulika. Mwenye udi akikaza nyuzi zote hadi mwisho hapati udi wenye nguvu zaidi. Anapata nyuzi zilizokatika.

Sasa, neno hilo lilipoingia katika Kiswahili lilikutana na jirani ambaye si ndugu yake hata kidogo, nalo ni kitenzi chetu wenyewe, kutuna. Kutuna ni kuvimba au kufura, na kutokana nacho tunapata kutunisha: mtu hutunisha misuli ili aogopwe, na wanakikundi huchanga ili kutunisha mfuko. Kutyuni na kutunisha hayana asili moja, yamefanana kwa bahati tu, lakini nina shaka kubwa kwamba sikio la Mswahili limeyaunganisha bila mwenyewe kujua. Mtu akisikia pikipiki imetyuniwa, anachokiona akilini ni pikipiki iliyotunishwa misuli, yenye kelele kubwa, mwendo mkubwa na kiburi kikubwa. Haifikirii saa iliyokuwa haishiki majira na sasa inashika, ingawa mfano wa saa ungemfikisha karibu zaidi na ukweli.

Kosa hili lisingekuwa na madhara kama lingebaki kwenye maneno, lakini katika injini ndogo linafanya uharibifu. Injini nyingi za pikipiki za Kichina zenye ujazo mdogo zimerithi umbo la Honda CG125, iliyotoka mwaka 1976 ikiwa na valvu zinazosukumwa kwa fito badala ya kemshafti ya juu inayozungushwa kwa mnyororo, kwa makusudi kabisa, ili istahimili watumiaji wasioifanyia matengenezo mara kwa mara. Ya CC 125 katika ukoo huu hutoa takriban kilowati 7 au 8 tu. Ni injini ya uvumilivu, na nguvu yake ni ndogo kiasi kwamba ukipoteza sehemu ya kumi kwa marekebisho mabaya unaihisi mara moja mlimani, na ukiirudisha kwa marekebisho mazuri unaihisi vilevile. Ndiyo maana mtu anayetoka kwa fundi mzuri huapa kwamba pikipiki yake imeongezwa nguvu, ilhali imerudishiwa tu ile iliyokuwa imeipoteza.

Kuongeza nguvu kwa kweli ni kazi nyingine, na kwa maoni yangu inastahili jina lake: kujenga injini. Tazama herufi na namba zilizogongwa kwenye ubavu wa injini. Ukikuta 156FMI, ile 1 ni idadi ya silinda, 56 ni kipenyo cha silinda kwa milimita bila desimali, F inasema inapozwa kwa hewa, M ni ya pikipiki, na I ni alama ya daraja la CC 125. Ukikuta 162FMJ, umefika kipenyo cha milimita 62 na daraja la CC 150. Katika ukoo wa CG mwendo wa pistoni, yaani umbali inaopanda na kushuka, ni uleule kwa injini hizi mbili, milimita 49.5; kilichopanuka ni silinda, kutoka milimita 56.5 hadi 62, na ujazo ukapanda kutoka CC 124 hadi 149. Kubadilisha kabureta, kile kifaa kinachochanganya hewa na mafuta, hakuongezi CC, wala kukata ekzosi, wala kuweka plagi ya bei ghali. Hata kuchonga silinda ya milimita 62 na kuweka pistoni ya ovasaizi, yaani iliyozidi ya awali kwa nusu milimita, kunaongeza takriban CC mbili na nusu tu, na hilo ni tengenezo la silinda iliyochakaa, ambalo aliyelifanya hana haki ya kujisifu kwamba ametyuni.

Kazi yenyewe ya kutyuni huonekana vizuri zaidi kwenye kabureta, na hapo ndipo kijana wangu alipokosea kwa namna ya kufundisha. Kabureta ya pikipiki hizi ina skrubu mbili za nje. Ile kubwa huinua pistoni ya kabureta, na kazi yake ni kuamua injini inazunguka mara ngapi usiposhika resi, hali ambayo mafundi huiita sailensi, kwa neno linalomaanisha kimya, jambo ambalo sijawahi kulizoea. Ile ndogo hupima mchanganyiko wa hewa na mafuta katika hali hiyohiyo. Wengi wanaosema wametyuni wamezungusha kubwa peke yake, na kuzungusha kubwa peke yake ni sawa na kumwambia mgonjwa azungumze kwa sauti ili asionekane mgonjwa.

Namna yake ni hii. Injini ikiwa imepata moto vizuri, unapandisha sailensi kidogo kwa skrubu kubwa, kisha unaizungusha ndogo polepole, robo mzunguko kwa robo mzunguko, ukisikiliza. Mlio utapanda, utafika kilele, kisha utaanza kushuka na kuyumba. Unarudi pale kileleni. Ndipo unaishusha sailensi kwa ile kubwa mpaka takriban mizunguko 1,400 au 1,500 kwa dakika, ambapo injini inapumua bila kutetemeka wala kuzima. Kitu kimoja huwachanganya hata mafundi: skrubu ndogo ikiwa upande wa chujio la hewa inapima hewa, kwa hiyo kuikaza huongeza utajiri wa mafuta, lakini ikiwa upande wa injini inapima mafuta, na kuikaza hupunguza. Asiyejua yuko upande gani anazungusha kwa kubahatisha.

Skrubu ndogo, hata hivyo, inatawala mwanzo wa resi tu, takriban robo ya kwanza. Kuanzia hapo hadi robo tatu ni zamu ya sindano iliyoning'inia ndani ya pistoni ya kabureta, ambayo kwa kawaida ina mitaro midogo ya kushikia klipu. Ukiishusha klipu mtaro mmoja, sindano inapanda na mafuta yanaongezeka. Resi ikifunguliwa hadi mwisho, anayeamua ni jeti kubwa, yaani kitundu kikuu cha kupitishia mafuta. Kwa hiyo pikipiki inayozimika kwenye sailensi haitibiwi kwa kubadilisha jeti kubwa, na inayokosa nguvu resi ikiwa wazi kabisa haitibiwi kwa skrubu ndogo. Ukiendesha kwa gia ya tatu na kushikilia resi nusu kwa muda, kisha ukabana klachi, ukazima injini palepale na kufungua plagi, rangi ya kauri yake itakuambia habari za sindano: kahawia hafifu ni salama, nyeusi yenye masizi makavu ni mafuta mengi, na nyeupe ni mafuta machache na joto la hatari. Iliyolowa oili haihusiani na kabureta hata kidogo. Hapo zungumza na ringi za pistoni.

Rangi nyeupe ndiyo iliyokuwa kwenye plagi ya yule kijana. Petroli huungua kikamilifu inapokutana na hewa yenye uzito wa takriban mara 14.7 ya uzito wake. Kabureta yake ilikuwa na jeti zilizopimwa kwa chujio na ekzosi za kiwandani, ambazo mara nyingi zimeegemea upande wa mafuta machache tangu mwanzo kwa sababu ya sheria za moshi. Alipoondoa chujio na kufungua bomba, hewa iliongezeka na mafuta yakabaki yaleyale. Zile fataki alizozipenda zilikuwa mchanganyiko hafifu ulioshindwa kuungua ndani ya silinda, ukaenda kuwakia ndani ya bomba. Kuna watu wanaofungua ekzosi kisha wakapandisha jeti hatua kwa hatua mpaka plagi irudi kuwa kahawia, nao siwakatalii kwamba wametyuni, kwa sababu wamelinganisha. Aliyeishia kwenye msumeno hajafika huko.

Kwenye cheche sina mengi, kwa kuwa katika pikipiki nyingi za aina hii muda wa cheche hupangwa na CDI, kisanduku cha umeme kinachoamuru cheche, na kihisio kilichofungwa mahali pamoja, hivyo anayedai amekurekebishia taimingi bila kubadilisha kifaa chochote umuulize amegusa wapi. Pengo la plagi la milimita 0.6 hadi 0.7 linatosha. Valvu ndizo zinazodhulumiwa. Nafasi yake, injini ikiwa baridi, mara nyingi ni kati ya milimita 0.05 na 0.10, inayopimwa kwa fila, yaani kibati chembamba cha kupimia nafasi, na si kwa sikio, lakini watu husikia zile tikitiki ndogo na kuzikaza mpaka zinyamaze, wakidhani kimya ni afya. Valvu isiyo na nafasi haifungi sawasawa injini ikipata moto. Mgandamizo unavuja, pikipiki inakuwa ngumu kuwaka ikiwa ya moto, na valvu ya ekzosi huanza kuungua. Hapa tena tunarudi kwa mpiga udi: kazi ilikuwa kulegeza.

Kuna pia wanaoita kubadilisha sproketi, yale magurudumu ya meno yanayovuta mnyororo, kutyuni. Ukitoa ya mbele yenye meno 15 na kuweka ya 14, huku ya nyuma ikibaki na 38, uwiano unapanda kutoka 2.53 hadi 2.71, nawe unapata msukumo wa takriban asilimia 7 zaidi kwenye gurudumu na unapoteza mwendo wa kiasi hichohicho kwa mizunguko ileile. Injini haijui chochote kilichotokea. Ni uamuzi mzuri kwa anayebeba mizigo milimani, na sina ubaya nao, ila umebadilisha njia ya nguvu, hukuitengeneza nguvu.

Pikipiki ya yule kijana ilirudishiwa chujio, ikatafutiwa ekzosi nzima, na klipu ya sindano ikawekwa mtaro wa katikati. Aliijaribu, akapanda ule mlima bila kushusha gia, akarudi akiniuliza nimemwongezea nini. Nilimjibu kwamba sikuongeza kitu, nimeityuni tu, naye akacheka kana kwamba nimemtania. Kwa hiyo mtu akikuambia kwamba pikipiki yake imetyuniwa, usimbishie. Mwombe aiwashe, aiache ipate moto, kisha aondoe mkono kwenye resi, na nyote wawili msikilize.