Breki kufeli mteremkoni: je, mlima unadai damu?

Wengi wetu Mbeya tumekua tukisikia kwamba mteremko wa Iwambi, kama ule wa Kitonga kule Iringa, unadai damu, ndiyo maana malori hufeli breki palepale. Aliyezika ndugu yake halaumiwi kwa kutafuta maana.

Lakini ajali hujirudia mahali pamoja kwa kuwa mteremko ni uleule. Breki huzuia gari kwa msuguano, na msuguano huzaa joto. Dereva mwenye tani nyingi akikanyaga breki mfululizo, joto hilo halipati pa kwenda na breki hupoteza mshiko. Akiwa ameweka gia huru ili aokoe mafuta, hata injini haimsaidii kulizuia gari. Na mwendo ukitoka kilomita 40 kwa saa hadi 80, nishati ya kuzuiwa huwa mara 4, si mara 2.

Jaribu kwa baiskeli: shuka kilima kidogo ukibana breki, simama, kisha gusa rimu taratibu. Kwenye basi, injini inayounguruma kwa gia nzito (ya namba ndogo) mteremkoni ni dalili njema. Ukisikia harufu ya kuungua, mwambie konda papo hapo.